Tuanze na spana namba 13

Mhariri,

Nasoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Hata ile siku mlipoandika kwamba sisi mafundi wa Keko ndio tunaomaliza misitu nilinyamaza, nikaendelea kupiga randa. Lakini habari yenu ya wiki juzi, ile ya kikao cha hotelini kuhusu uchumi wa mzunguko (yaani vitu vitumike tena na tena badala ya kutupwa) katika maonesho ya biashara, imenikwama kooni kama mwiba wa perege.

Picha mliyoitoa naikumbuka vizuri. Wakubwa wamesimama mstari mmoja, nyuma yao bango la plastiki refu kuliko nyumba yangu, limechapwa mada, mahali na tarehe ya siku hiyohiyo. Sasa bango lenye tarehe ya leo, kesho litamfaa nani? Wangeiacha tarehe tu, wangelitundika tena mwakani. Hilo halihitaji mtaalamu wala posho.

Mimi ni mmoja wa wanaojenga mabanda ya maonesho hayo. Nilianza mwaka 1994 nikiwa saidia fundi, viwanja vya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa. Fundi aliyenifundisha alikuwa na kopo la misumari iliyopinda. Jioni kazi ikiisha, mimi na mwenzangu tunainyoosha juu ya kipande cha reli, mmoja mmoja, maana kesho yake inarudi kazini. Mbao zilikuwa na matundu kama chekecheo. Hakuna aliyeuita uchumi wa mzunguko. Tuliuita ubahili wa fundi, tena kwa kunong'ona.

Siku hizi mchoro unatumwa WhatsApp. Ukuta mita 3 kwenda juu, mweupe, usionekane kiungo hata kimoja. Plaiwudi ni futi 8 kwa 4, yaani mita 2 na sentimita 44. Hizo sentimita 56 za juu nitazitoa wapi kama si kukata ubao mwingine? Naunga, napaka gundi nyeupe, napiga misumari ya mashine, nafukia viungo kwa puti, napiga msasa, napaka rangi, halafu wanakuja kubandika stika juu yake. Banda linapendeza, sikatai. Ila kuanzia hapo halifunguki, linavunjika tu. Ukiibandua stika inatoka na ngozi ya ubao. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ndiyo mbaya zaidi, ukishatoa skrubu mara moja mbili tundu lile halishiki tena. Kwa hiyo anayekuja kuuliza tutafanyaje na taka baada ya maonesho amechelewa. Alitakiwa aulize siku mchoro unachorwa.

Mwaka jana nilijenga banda la kampuni moja, silitaji jina, kwa maonesho ya siku tatu katika ukumbi mmoja hapa mjini. Usiku wa kwanza na wa pili hatukulala. Ubavuni liliandikwa kwa herufi za kijani zinazonifika kifuani: TUNZA MAZINGIRA. Siku ya mwisho, saa 12 jioni, tukaambiwa ukumbi uwe mweupe ifikapo saa 6 usiku, asubuhi inaingia harusi. Nikamwomba dada wa masoko niondoke na zile plaiwudi na milango miwili, nitaipiga rangi nyingine. "Hapana baba, nembo yetu haiwezi kuonekana uswahilini." Nikamwambia naiparura mbele ya macho yako. Hapana. Nikajaribu getini, mlinzi akasema mzee wangu, mzigo hautoki bila kibali. Kibali kinatoka kwa nani? Kwa yuleyule dada. Basi wakaja vijana wanne na nyundo, wakalipwa taslimu hapohapo kuvunja mbele yangu kazi ambayo rangi yake ilikuwa bado inanukia. Mlango niliouchongea bawaba usiku kucha ulipasuliwa kwa teke. Lori likaenda Pugu, dampo. Au ndivyo nilivyodhani, kwa sababu wiki tatu baadaye nilikuwa Tandika nakula chipsi, nikainua macho, na ukuta wa kibanda pembeni ya karai la mafuta umeandikwa TUNZA MAZ. Nikaomba nichungulie nyuma. Kwa penseli, mwandiko wangu mwenyewe: "kushoto, wa 3, usigeuze". Umegeuzwa. Muuza chipsi aliununua kwa dereva kwa shilingi 8,000. Kwa hiyo ubao ulizunguka, Mhariri, ila baada ya kupasuliwa nusu, na nembo ipo palepale uswahilini inarukiwa na mafuta.

Na ile harusi iliyoingia asubuhi? Maturubai, viti, mapazia, mpaka yale maua ya plastiki, vyote vya kukodi. Jumamosi vipo Sinza, Jumapili vipo Mbagala. Sijaona kamati ya harusi iliyonunua viti 300 ikavichoma Jumatatu. Mpambaji ana stoo, ana daftari, ukipoteza kitambaa cha kiti unakatwa hela. Hao ndio wangeitwa hotelini kutoa mada.

Na tukiwa hapohapo kwenye plastiki: Juni 1, 2019 mifuko ilipigwa marufuku, mama muuza vitumbua akahamia kwenye magazeti (lako likiwemo). Sawa, tulitii. Lakini bango la maonesho ni plastiki ya PVC iliyogandishwa kwenye nyuzi za poliesta, kuzitenganisha ni kazi, ukilichoma moshi wake unakaba koo. Mbona hilo linachapwa mita kwa mita na hakuna anayekamatwa?

Mpwa wangu anasoma usanifu majengo. Alinionesha kwenye simu banda la Uswisi katika maonesho ya dunia ya Hannover, Ujerumani, mwaka 2000. Msanifu Peter Zumthor alipanga mbao juu ya mbao, kama zinavyopangwa yadi zikauke, akazibana kwa nondo zenye springi. Hakuna gundi wala msumari. Maonesho yakiisha, mbao ziuzwe. Niliitazama ile springi muda mrefu. Mbao ikisinyaa, yenyewe inaendelea kubana. Huyo mtu anazijua mbao.

Sisi hatuna haja ya kufika huko. Waandaaji wa maonesho Dar watangaze hivi: ukuta usizidi futi 8, paneli zifungwe kwa bolti za milimita 8, nembo ikae kwenye kitambaa kinachovuliwa, na siku moja kabla ya ufunguzi apite fundi na spana namba 13, ile inayofungua bolti hizo. Paneli itakayokataa kufunguka kwa spana hiyo, mwenye banda harudishiwi pesa aliyoweka dhamana. Maonesho yakiisha, kila mtu aondoke na nembo yake, mbao ziende stoo. Mwaka wa kwanza nitapita mimi bure, nipewe chai tu. Spana ninayo.

Yule dada wa masoko, kama gazeti linamfikia, nina ombi jingine lisilohusu mazingira. Nusu ya pesa ya lile banda haijatoka. Invoisi nimepeleka mara mbili. Ya mwisho wamenirudishia, wanasema niandike nyingine, ile tarehe yake imepita.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam