Kengele ya baiskeli inunuliwe kwa sikio, sio kwa jicho

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote, naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo najua wengi wataliona dogo. Kila mkiandika habari za usalama wa baiskeli mnataja helmeti, taa na breki, sawa kabisa sina ugomvi, lakini kengele hamuigusi, na ukienda dukani nako hivyohivyo, muuzaji atakueleza gia na matairi mpaka uchoke alafu ikifika kengele anauliza tu unataka nyekundu au bluu. Yaani watu wazima tunachagua kengele kama stika.

Kabla ya kununua ujiulize kwanza unataka nani akusikie. Wengi wanafikiria magari, na hapo ndio wanapopotea. Dereva kafunga vioo, redio inaimba, injini nayo inanguruma, hiyo ting yako haimfiki hata iwe nzuri vipi, kwa gari tegemea breki zako, taa, na macho yako mwenyewe. Kengele ni ya mtu asiye ndani ya kitu, anayetembea mbele yako, mwenye baiskeli mwenzio, mtoto anayekimbiza mpira, bibi na fimbo yake. Huyo ndiye unayemnunulia kengele, wewe unabeba tu.

Sasa kengele zenyewe kwa kifupi zipo za aina mbili. Kuna ya kinyundo kimoja chenye springi, unakivuta kwa kidole gumba ukiachia kinagonga mara moja, ting, alafu sauti inabaki hewani kidogo. Na kuna ile ya siku zote ya kring kring, ukisukuma kile kijiti ndani yake kuna vijigia vinazungusha vipande vya chuma vinagonga ukuta wa kengele kwa fujo. Hii ya pili ina faida moja kubwa, hakuna mtu duniani anayeisikia akauliza ni nini hicho, anajua ni baiskeli. Ubaya wake haina sauti ya upole, ukiigusa imelia yote, na kwenye njia tulivu mtu anaona kama umemfokea. Ya kinyundo unaipima mwenyewe, ukivuta kidogo inaita kwa heshima, ukivuta mpaka mwisho inapiga kweli. Kwa njia ambazo baiskeli na waenda kwa miguu wanachanganyika mimi nachagua ya kinyundo bila kufikiria mara mbili, ila angalia springi isiwe legelege maana kwenye barabara ya mashimo itakuwa inajipiga yenyewe kila ukiruka tuta na baada ya muda hata wewe hutaisikiliza tena.

Kuhusu chuma chake, ya shaba ya njano inalia muda mrefu na sauti inatulia vizuri, ya chuma cha kawaida nayo inalia vizuri lakini ikipata kutu basi, ya aluminiamu ni nyepesi na sauti inakatika mapema. Zile za plastiki juu hadi chini ambazo huja na baiskeli mpya zinatoa kitu kama mtu anabonyeza kalamu, hizo toa weka nyingine.

Alafu kuna suala la ukubwa, na hili sijawahi kusikia muuzaji akilisema. Kengele ndogo sauti yake huwa nyembamba na ya juu, kubwa inatoa sauti nzito zaidi ya chini. Mtu akizeeka masikio yanaanza kupoteza zile sauti za juu kabisa, kwa hiyo kale kakengele kadogo kazuri kanakokaa kama kifungo cha shati kwenye usukani unaweza kukapiga nyuma ya mzee akaendelea na safari yake na wewe ukamwita mkaidi, kumbe hajasikia kitu. Upande wa pili kuna vijana wenye hedifoni za kuzuia kelele, na hizo zinafanya kazi vizuri zaidi kwenye miungurumo ya chini, sauti ya juu inapenya kidogo, japo akiongeza muziki juu yake hapo hata ngoma haitasaidia. Kwahiyo mzee anataka nzito na kijana anataka nyembamba, na wote wapo kwenye njia moja. Jibu langu ni kengele ya ukubwa wa kati au zile kubwa zinazotoa sauti mbili tofauti, ding-dong, moja ikimpita mtu nyingine itamkuta. Ni kubwa, zinakula nafasi, na baiskeli ya mashindano itaonekana kama imevaa kofia ya babu lakini zinasikika.

Kuijaribu dukani pia kuna namna yake. Usishike ile bakuli yenyewe, yaani kile kikombe cha chuma kinacholia, ukiishika sauti inakufa hata kama kengele ni nzuri, ishike kwenye kile kibanio cha chini. Alafu toka nje penye kelele, mwambie mtu asimame mbali kidogo akupe mgongo, piga, uone kama anageuka. Ukiipigia sikioni kwako ndani ya duka kimya kila kengele ni nzuri.

Kufunga nako kuna mambo. Usukani mwingi sehemu ya kushikia una upana wa milimita 22.2, lakini katikati pale unapokutana na stem, kile kipande kinachoushika usukani, unanenepa, unaweza kufika 25.4 au 31.8, kwahiyo kengele yenye kibanio kidogo haitafunga katikati hata ulazimishe, utavunja kibanio tu. Pima kwanza. Zile za kufunga kwa mpira zinakaa popote ila mvua ikinyesha zingine zinazunguka zinaangalia chini, unatafuta kengele kwa kidole haipo. Na hakikisha waya wa breki haugusi bakuli, ukigusa tu badala ya ting unapata tak.

Lakini la kidole ndilo kubwa kuliko yote niliyosema. Kengele lazima uipige bila kuachia usukani na bila kutoa vidole kwenye breki. Pale unapoihitaji kengele ndipo hapohapo unapoihitaji breki, sasa kama inabidi unyooshe mkono mpaka katikati ya usukani utakuwa umeweka pambo. Upande ambao kidole gumba hakina kazi ya kubadili gia ndio upande wake. Kaa kwenye baiskeli, funga macho, kidole kiende chenyewe, kisipoipata sogeza.

Na ipigwe mapema jamani. Baiskeli inayokwenda kilomita 18 kwa saa inakula mita 5 kila sekunde, ukimpigia mtu akiwa mita 5 mbele yako umempa sekunde moja ashtuke, ageuke, afikirie aende kulia au kushoto, na kawaida anaruka upande uleule unaopita wewe. Ukipiga ukiwa mita 20 ana sekunde 4, huo ni muda wa binadamu. Hizi baiskeli za umeme zinazokwenda 25 kwa saa ni karibu mita 7 kwa sekunde, kwahiyo piga mbali zaidi. Na kupiga haimaanishi umepewa njia, kuna watu hawasikii kabisa na haijaandikwa usoni kwao, punguza mwendo hivyohivyo.

Wapo watakaosema mambo ya kengele yamepitwa na wakati, siku hizi kuna honi za umeme na za hewa zinazolia kama lori. Hao niwakumbushe kwamba Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani umetaja kengele kwa jina, baiskeli iwe na kengele inayosikika kwa umbali wa kutosha na isibebe chombo kingine cha kupigia sauti. Ufaransa sheria yao inataka isikike angalau mita 50 na honi nyingine hawataki. Uingereza ndio wamenichekesha, toka 2004 duka haliruhusiwi kuuza baiskeli mpya bila kengele, lakini ukishafika nyumbani unaweza kuing'oa ukaitupa na hakuna wa kukuuliza. Ila hata bila sheria, honi ya lori nyuma ya mtu anayetembea zake haimuonyi, inamrusha mtaroni.

Matunzo sina mengi. Tone moja la mafuta kwenye mhimili wa kijiti, sio kwenye bakuli, na ile skrubu ya juu ikaze kiasi, ukiikaza sana kengele inabanwa sauti inakuwa fupi, ikiwa legevu utaiokota barabarani au usiiokote.

Ombi langu kwako Mhariri, mkija kuandika tena makala ya usalama wa baiskeli mpeni kengele japo aya moja, na yule mpiga picha wenu akipiga picha ya baiskeli asiikate kwenye usukani. Na kwa wasomaji wenzangu wenye usukani wa kujikunja chini kama pembe za kondoo, najua zipo kengele za kuchomeka mwishoni mwa usukani na zipo za kufunga chini ya breki, ningependa mtuandikie hapahapa ipi kidole kinaifikia mkiwa mmeinama, maana kwenye baiskeli hizo wengi naona wameamua kupiga mluzi.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mwendesha baiskeli