"None" si lazima liwe umoja

Mhariri,

Nimeisoma safu yenu ya lugha iliyosema kwamba neno la Kiingereza "none" maana yake ni "hata mmoja", kwa hiyo kitenzi kinacholifuata sharti kiwe cha umoja, na kwamba anayeandika "none are" hajui Kiingereza. Naomba nafasi nipinge. Nimefundisha lugha hiyo kwa miaka mingi, nimeona kanuni hii inavyowanyima wanafunzi alama zao halali, na mwezi uliopita imeingia nyumbani kwangu.

Mpwa wangu alinijia na daftari lake. Alitaka kusema kwamba vitabu vyake vyote vipo, hakuna kilichopotea, akaandika: "None of my books are lost." Neno "are" lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, mstari umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka, na juu yake pameandikwa "is". Alama moja imekwenda. Akaniuliza, "Mjomba, kwani vitabu vyangu si vingi?" Sikuwa na la kumtetea mwalimu wake. Sentensi ya mtoto ilikuwa sahihi. Ile ya mwalimu nayo ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye kalamu nyekundu.

Kuhusu asili, mwandishi wenu amesema kweli. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa "nān", nalo liliunganishwa kutokana na "ne", yaani kikanushi, na "ān", yaani moja. "Never" nalo limeundwa hivyo hivyo, kikanushi kikaungana na neno lililokuja kuwa "ever". Lakini tangu lini asili ya neno ikawa amri juu ya matumizi yake? Tazama "hapana" letu. Lipasue: ha-pa-na. Ile "pa" ni ya mahali, tena mahali mahususi, kama tunavyosema "hapa hapana kiti". Leo mtu akiulizwa "Umemaliza kazi?" hujibu "Hapana", wala hakuna mahali popote anapopafikiria. Hatumwambii kwamba amekosea kwa sababu swali halikuhusu mahali. Neno lilianza safari mahali fulani, likafika pengine, nasi tumelipokea lilipofika.

"None" nalo limesafiri, na ushahidi si wa jana. Chukua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ambayo hakuna anayeweza kuiita lugha ya vijiweni. Katika Zaburi ya 14 neno hilo limefuatana na umoja: "there is none that doeth good". Fungua Matendo ya Mitume 20:24, Paulo anaposema kwamba hakuna hata jambo moja kati ya hayo linalomtikisa: "none of these things move me". Ni "move", si "moves". Wingi mtupu, ndani ya kitabu kile kile. Watafsiri wale hawakupitiwa. Waliliona "none" kama lilivyo, neno linaloangalia kinachohesabiwa, na kama mwandishi anaviwaza vitu vile kimoja kimoja kitenzi kitakuwa cha umoja, na kama anaviwaza kwa pamoja kitakuwa cha wingi.

(Katika kitabu hicho kuna jambo jingine ambalo siwezi kuliacha. Amri ya kwanza imeandikwa mara mbili, katika Kutoka 20 na katika Kumbukumbu la Torati 5. Pa kwanza miungu mingine inakataliwa kwa "no other gods", pa pili kwa "none other gods". "No" ile ni mtoto wa "none", aliyepoteza "n" yake mbele ya konsonanti kama "my" ilivyotoka katika "mine". Mbele ya irabu "none" lilidumu zaidi, na hapo unawaona mama na mtoto katika amri moja.)

Kwa anayeshikilia kwamba "none" ni "hata mmoja" na si kingine, namwomba ajaribu na maji. Kiingereza kinaruhusu "none of the water", yaani hakuna hata tone la maji yale. Sasa weka "not one of the water". Haisemeki, maana maji hayahesabiki mojamoja. Kama maneno hayo mawili yangekuwa kitu kimoja, lingekaa moja panapokaa jingine. Hapo kwenye maji kitenzi ni cha umoja siku zote, kwa sababu maji yenyewe ni umoja katika Kiingereza. Kwenye vitabu, hiari ni ya mwandishi.

Badala ya kuwachapa watoto kwa kanuni ya kubuni, kuna mambo yanayowatatiza kweli ambayo tungepaswa kuwafundisha. La kwanza ni matamshi: wakiona "none" husoma kama inavyoandikwa, au huifuatisha "alone", kumbe hutamkwa kwa kufuatana na "one", karibu na "nan". Kubwa zaidi ni kujua neno hili linajibu swali gani. Ukiuliza "nani", Kiingereza kitajibu "nobody". Ukiuliza "nini", kitajibu "nothing". "None" hujibu "wangapi", "vingapi", "kiasi gani". Maana yake linahitaji kundi linalojulikana tayari, ambalo ndani yake umetafuta ukakosa. Na kundi likiwa la wawili tu, Kiingereza hulisogeza pembeni na kuleta "neither". Sisi hatuna mpaka huo. "Hata mmoja" hutosha kwa wawili na kwa elfu.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa hata tusioandika Kiingereza. Wiki chache zilizopita nilikuwa najaza fomu ya afya kwenye programu ya simu, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Swali lilikuwa: ni dawa zipi zinazokudhuru? Ikafuata orodha ya dawa, na chini kabisa, kisanduku cha mwisho kimeandikwa "Hapana". Nilikitazama kwa muda. Sikuulizwa ndiyo au hapana, nimeulizwa zipi. Jibu lilitakiwa kuwa "Hakuna hata moja". Ukurasa uliofuata ukauliza wategemezi wangu, na kisanduku kikasema tena "Hapana", penye "Sina". Mgonjwa mwenye haraka, au mzee asiyezoea simu, anaweza kudhani kisanduku hicho kinamaanisha "sitaki kujibu", na kwenye mambo ya dawa hilo si dogo.

Najua linavyotokea. Mara nyingi mfasiri hupewa orodha ya maneno makavu, "none" likiwa peke yake bila sentensi, na tafsiri moja atakayoiandika hupandikizwa kila mahali neno hilo lilipo. Kiswahili hakikubali hivyo. Kwetu kutokuwepo kuna mahali na kuna mwenyewe: chupani hamna maji, huku hakuna njia, hapa hapana kiti, mwalimu hayupo, funguo hazipo, mimi sina. Hata "hata moja" hubadilika: hata mmoja, hata kimoja. Petro alipomwambia yule kiwete kwamba fedha na dhahabu hana, Kiingereza cha 1611 kilisema "silver and gold have I none"; Biblia yetu ya Muungano ikasema "Mimi sina fedha, wala dhahabu". Hakuna neno hata moja pale linaloweza kuitwa tafsiri ya "none", na maana yote imo. Mfasiri yule alijiuliza nani amekosa nini, kisha akaandika.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Safu yenu irekebishe ile kauli, kwa sababu walimu wanaisoma na kalamu zao ni nyekundu. Na wanaotengeneza programu wampe mfasiri sentensi nzima pamoja na swali lake. Daftari la mpwa wangu nimelirudisha shuleni na barua fupi kwa mwalimu, yenye mistari ile miwili ya mwaka 1611. Bado nasubiri jibu.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa lugha