Nundu ya mti isiishie kuwa maranda

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakerezaji wenzangu. Nundu ya mti, ule uvimbe wa shina, hukua kwa miaka mingi, kisha tunaifunga kwenye mashine inayoizungusha, tunachimba bakuli moja, na kiini chote kinamwagika sakafuni kuwa maranda. Inaniuma.

Kipo kisu kilichopinda kama mwezi mchanga. Huingia kwa upinde na kuchomoa bakuli zima kutoka ndani ya jingine. Mimi huanza na dogo la katikati, kisha linalofuata. Nundu yangu ya mwisho, ya sentimita 36, ilinipa mabakuli manne yanayoingiana. Mashine iende polepole, na kisu kitolewe kila mara kusafisha maranda. Kikibanwa, kinaweza kung'oa kipande kizima.

Nyuzi za nundu hazina mwelekeo mmoja, hivyo uso hujikunja ukikauka. Naacha ukuta mnene, kama sehemu ya 10 ya kipenyo, napaka nta, nasubiri miezi. Hapo ndipo vijana wengi huharakisha, bakuli likapasuka.

Lile dogo kabisa, la kuenea kiganjani, ndilo lenye macho, yale madoa ya duara kwenye mbao, mazuri kuliko yote. Miaka yote ile nilikuwa nikilifagia.

Mkerezaji wa mbao