Wanangu Mnaoiomba Cambridge, Andikeni Mnachokijua

Wanangu wahitimu,

Salaam nyingi. Nawaandikia ninyi mliosoma hapa nyumbani, mkafaulu vizuri, na mwaka huu mmekusudia kuomba ufadhili wa Gates Cambridge ili mkaendelee na uzamili au uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Nimefundisha chuo kikuu hadi nikastaafu, na hadi leo vijana hunijia nyumbani na rasimu za maombi yao niwasomee. Ninayoyakuta humo yananiuma, kwa kuwa aliyeandika mara nyingi ni mzuri kuliko alichoandika.

Mjue kwanza mnachokiomba. Mwaka 2000 Taasisi ya Bill na Melinda Gates iliipa Cambridge dola milioni 210 za Marekani. Fedha hizo ziliwekezwa, na faida yake ndiyo inayosomesha vijana wa nchi zote isipokuwa Uingereza yenyewe, takriban 80 kila mwaka, wengi wao wa uzamivu. Anayechaguliwa hulipiwa ada, posho ya kujikimu, nauli ya kwenda na ya kurudi, gharama za viza na tozo ya afya inayolipwa pamoja na viza. Kaka zetu waliotutangulia shule waliijua Cambridge kama jina juu ya cheti cha sekondari, enzi ambazo Baraza la Mitihani la Tanzania halijaundwa na mitihani ilitoka huko. Ninyi mnaweza kuingia madarasani mwake bila baba kuuza shamba. Ni nafasi ya kweli, na inastahili maombi yaliyofanyiwa kazi.

Wanaochagua hupima mambo manne: uwezo wa akili, sababu za kuchagua kozi ile, nia ya kuboresha maisha ya wengine, na uongozi. Kwenye la kwanza mnaweka GPA. Kwenye la mwisho mnaweka uenyekiti wa serikali ya wanafunzi. La tatu mnalijaza kwa maneno ya huruma. La pili mnalipita mbio, nami naona hapo ndipo wengi wanapoangukia.

Rasimu nyingi huanza na umaskini wa Afrika, kisha aya nzima ya kukisifu chuo kwamba ni kikongwe na kina sifa duniani. Wanaosoma maombi hayo wanakijua chuo chao. Wasichokijua ni kile unachokijua wewe. Chukueni mfano wa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kijana aliyesomea sayansi ya chakula anaweza kuandika kwamba anataka kupambana na njaa barani Afrika, sentensi ambayo hata asiyewahi kushika gunzi angeiandika. Au anaweza kueleza jinsi mahindi yanavyoanikwa na kuhifadhiwa Chemba na Kondoa, kwa nini familia hula hata yaliyoota ukungu msimu ukiwa mbaya, vipimo gani afisa wa wilaya anavyo na vipi hana. Kisha aseme: swali hili moja nimeshindwa kulijibu kwa maabara niliyonayo, na pale Cambridge kuna mtafiti ambaye kazi yake inaligusa. Huyu wa pili hana haja ya kuisifu Cambridge. Msomaji ameshaona kwa nini aende.

Na huyo mtafiti mtafuteni mapema. Kwa uzamivu lazima awepo mtu wa kukusimamia, na ni idara inayokupendekeza kwa wafadhili kabla ya wao kukuita kwenye usaili. Soma makala zake mbili tatu, uzisome kwelikweli, halafu mwandikie barua pepe fupi: wewe ni nani, swali lako ni lipi, linakutana wapi na kazi yake, na kama anapokea wanafunzi. Usimwandikie kama unayepeleka ombi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa. Aya tatu zinatosha.

Sasa barua za mapendekezo. Zinatakiwa tatu: mbili za wanaokufahamu kitaaluma kwa ajili ya kozi, na moja ya kueleza kwa nini unaufaa ufadhili huu hasa. Mwisho wa kupokea maombi ya wengi wenu huwa Desemba au mwanzoni mwa Januari, kutegemea kozi, na majira hayo walimu wengi wamekwenda kwao kwa Krismasi. Basi nendeni Septemba. Msimtafute mkubwa. Barua ya mkuu wa chuo ambaye hakukumbuki inasema mistari minne ya jumla, na wasomaji wanaitambua mara moja. Mtafuteni mwalimu mdogo aliyesahihisha tasnifu yako sura kwa sura, anayekumbuka siku ulipogundua takwimu zako zina kasoro ukarudi kuzikusanya upya.

Kuna desturi moja inayoniudhi, na nalisema wazi kwa wenzangu walimu pia. Mwanafunzi anaomba barua, mwalimu anamwambia, "Andika mwenyewe, uniletee nisaini." Wanangu, msikubali. Barua tatu zilizoandikwa na mkono mmoja zina sauti moja, na tena si haki. Najua ni vigumu kumkatalia mwalimu wako. Mpelekee tasnifu, transkripti na rasimu ya pendekezo la utafiti, pamoja na ukurasa mmoja wa kumbukumbu za kazi uliyofanya chini yake, kisha sema kwa heshima: "Mwalimu, nimekuandalia kumbukumbu hizi zikusaidie utakapoandika." Umemrahisishia kazi, na barua imebaki yake. Akishikilia msimamo wake, mshukuru utafute mwingine.

Mkiitwa kwenye usaili, jiandaeni kupingwa. Tumewalea kunyamaza mkubwa anaposema, na malezi hayo siyajutii. Lakini kule profesa akikuambia haoni kama mbinu yako itafanya kazi, anataka kusikia utajibu nini. Ukiitikia tu "ndiyo, profesa", atadhani huna hoja. Jibu kwa utulivu, toa sababu, kubali pale alipo sahihi na shikilia pale ulipo sahihi wewe. Hali itakuwa hiyo hiyo na msimamizi wako. Nimewahi kuona vijana hodari wakipoteza muda mrefu kwa kufuata njia waliyojua toka mwanzo kwamba haifai, kisa waliona haya kumwambia mtu mzima kuwa takwimu za kwetu hazikusanywi hivyo. Kumpinga mwalimu kwa hoja ni heshima kwa kazi mnayoifanya pamoja.

Mambo ya karatasi sitayarefusha. Pasipoti iwe hai. Kipimo cha kifua kikuu kinatakiwa kwa anayekwenda Uingereza kukaa zaidi ya miezi sita. Deni la Bodi ya Mikopo halifutiki kwa kuvuka bahari. Aliye mtumishi wa umma apate ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kuondoka. Kuna watu walirudi na shahada wakakuta wameandikiwa utoro kazini.

Fedha nazo zizungumzwe nyumbani mapema. Posho ile imepimwa kumtunza mtu mmoja katika mji ghali, ila ukoo mzima utaona umekwenda kwa wazungu na utaanza kupokea simu za ada, matibabu na bati. Kaeni na wazazi kabla ya safari, waelezeni kiasi kinachobaki baada ya pango na chakula, na kubalianeni mtatuma nini na lini. Mzazi akielewa toka mwanzo, yeye mwenyewe atawazuia wengine.

Juu ya kurudi: ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza, humtaka mtu arudi kwao kwa miaka miwili angalau. Gates Cambridge haina sharti hilo, imekuachia mwenyewe. Nami simlazimishi mtu. Ninachoomba ni kwamba swali ulilolitoa Kondoa usilisahau ukishapata jibu. Panga utafiti wako ili data ikusanywe huku. Mshirikishe mhadhiri wa hapa, jina lake liwe kwenye makala, na matokeo yamfikie yule afisa wa wilaya asiye na kipimo. Hayo yanawezekana hata kwa atakayebaki huko miaka kumi.

Mimi nipo nyumbani, jioni kuanzia saa kumi. Anayetaka nimsomee rasimu aje nayo ikiwa imechapwa kwa herufi kubwa kidogo, na kabla sijaifungua anieleze swali lake kwa mdomo, kwa Kiswahili, kama anavyomweleza mama yake.

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu,
Dar es Salaam