Yule kijana mliyemzomea Jumapili

Vijana wangu wa kibanda umiza,

Salaam sana. Baada ya salaam, nina neno. Nimekaa nalo moyoni siku tatu, nikaona nikilisema pale kijiweni litakatwa katikati, maana kila mmoja wenu ana sauti yake. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Jumapili nilikuwepo uwanjani. Nilikaa upande wa mwembe, karibu na kibendera cha kona, kwa hiyo bao la pili nililiona vizuri kuliko wengi wenu. Kiungo wetu alipokea mpira akiwa amelipa mgongo goli la wapinzani, akanyang'anywa, tukafungwa. Kocha akamtoa. Na kocha sina ugomvi. Ugomvi wangu ni ule mwendo wa kutoka katikati ya uwanja mpaka benchi, anatembea peke yake huku anazomewa, tena na nyie wa nyumbani, wageni wamenyamaza wanashangaa. Usiku ule ule mkahamia kwenye grupu la WhatsApp, na mmoja wenu akamtukana hadi mama mzazi wa kijana huyo. Kijana ana miaka 17. Tangu Jumapili hajakanyaga mazoezini.

Zaidi ya nusu yenu mlikuwa mmevaa jezi za Arsenal. Nilipoziona zile jezi nikamkumbuka Granit Xhaka, kiungo wa Uswisi aliyewahi kuwachezea, na nikajua barua hii nitaianzia wapi.

Wadogo kati yenu mnamjua Xhaka wa sasa, nahodha aliyerudi Uingereza Julai 2025 akiwa na miaka 32 kwenda kuiongoza Sunderland, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja baada ya miaka minane nje ya Ligi Kuu. Wakubwa mnamkumbuka wa 2019. Mimi pia namkumbuka, na namkumbuka kwa aibu.

Tarehe 27 Oktoba 2019, Arsenal na Crystal Palace, uwanja wa Emirates. Arsenal walitangulia kwa mabao mawili, Palace wakayarudisha yote. Kipindi cha pili, ikiwa imebaki nusu saa hivi, kibao kikanyanyuliwa na namba iliyotoka ni ya nahodha, Xhaka. Kitambaa kile alikuwa amekabidhiwa rasmi mwezi mmoja tu kabla. Alipoanza kutoka taratibu, watu wakashangilia kwamba anatolewa, kisha wakamzomea. Akaweka kiganja sikioni, kama anayesema ongezeni sauti. Akawatolea neno chafu, akavua jezi, akapitiliza moja kwa moja hadi vyumbani. Sisi tulikuwa tumebanana kibandani, na mimi na mvi zangu nilisimama juu ya benchi nikapaza sauti kwamba aondoke, auzwe, hana faida. Kulikuwa na watoto wadogo wamekaa chini pale mbele. Waligeuka wakanitazama, halafu na wao wakaanza kupiga kelele kama mimi. Huenda wengine wao ndio nyie ninaowaandikia leo.

Siku chache baadaye Xhaka akatoa maelezo yake. Alisema watu walikuwa wakimwandikia mitandaoni kwamba watamvunja miguu, kwamba watamuua mkewe, kwamba wanamwombea binti yake augue saratani. Binti mwenyewe alikuwa bado kichanga. Niliyasoma maneno yale nikajitetea moyoni, nikasema mimi sijaandika hayo, mimi nilipiga kelele tu kibandani. Lakini kila nikijitetea naona utetezi haukai. Mtu anayemtakia kichanga saratani hapati ujasiri huo akiwa peke yake. Anaupata akisikia kelele za wengi, na mimi nilikuwa mmoja wa wale wengi. Tarehe 5 Novemba akavuliwa unahodha.

Sisemi alikuwa na haki ya kuwatukana mashabiki. Mwenyewe alikiri kwamba hasira zilimzidi nguvu. Wala sikuleteeni malaika hapa. Desemba 2020 alimshika mchezaji wa Burnley kooni, akala kadi nyekundu, Arsenal wakafungwa 1-0 nyumbani kwao. Januari 2022, nusu fainali ya Kombe la Ligi pale Anfield, kwa Liverpool, alitolewa kwa kadi nyekundu hata nusu saa haijafika. Kwenye Euro ya 2016 Uswisi walitolewa na Poland kwa mikwaju ya penalti, na katika wapigaji kumi wa pande zote mbili, aliyekosa ni yeye peke yake. Haya yote yapo, na aliyeyaona akakasirika hakukosea kukasirika.

Ila turudi nyuma kidogo, kwa sababu nataka mjue mtu huyu ametoka kwa nani.

Alizaliwa Basel mwaka 1992. Wazazi wake ni Waalbania wa Kosovo. Baba yake, Ragip, akiwa bado mwanafunzi, alikamatwa mwaka 1986 kwa kushiriki maandamano ya kuupinga utawala wa Yugoslavia, akakaa jela miaka mitatu na nusu. Alipoachiwa, yeye na mkewe wakahamia Uswisi, na huko ndiko wakapata watoto wao wawili wa kiume. Wote wakawa wanasoka. Mkubwa, Taulant, alichagua kuchezea Albania, nchi ya asili yao. Mdogo akachagua Uswisi. Tarehe 11 Juni 2016, mjini Lens kule Ufaransa, wakakutana uso kwa uso kwenye Euro, na haikuwahi kutokea kwenye mashindano hayo ndugu wawili kusimama pande mbili. Uswisi walishinda 1-0. Mimi bao silikumbuki sana. Namkumbuka mama yao jukwaani, amevaa fulana iliyounganishwa vipande viwili, nusu ya Albania, nusu ya Uswisi. Uso wake haukuwa na raha hata kidogo. Kila mpira ulipogombewa katikati, ulikuwa ni mguu wa mwanawe mmoja na mguu wa mwanawe mwingine. Huyo mliyemtaja juzi kwenye grupu naye ni mama wa mtu, anauza maandazi pale njia panda, na wengi wenu mmewahi kuyala kwa mkopo.

Ya ujana wake nitayapitia haraka. Mwaka 2009 alikuwa kwenye timu ya Uswisi ya chini ya miaka 17 iliyochukua Kombe la Dunia kule Nigeria, wakiwafunga wenyeji 1-0 kwenye fainali pale Abuja. Akachukua ubingwa wa Uswisi mara mbili na Basel. Mwaka 2012 akaenda Borussia Mönchengladbach, na msimu wa kwanza kocha Lucien Favre alimweka benchi kwa vipindi. Miaka mitatu baadaye akawa nahodha wa timu ile ile. Mei 2016 Arsenal wakamchukua.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na hapa naomba mnisikilize kama watu wa mpira.

Xhaka hana mbio. Hakuwahi kuwa nazo. Akigeuka, anageuka kama lori. Alichojaliwa ni mguu wa kushoto unaoweza kuutoa mpira upande mmoja wa uwanja na kuuweka kifuani kwa mtu upande wa pili, na jicho la kuona nafasi kabla haijafunguka. Kwa miaka mingi Arsenal walimweka pale chini, mbele ya mabeki, mahali ambapo timu ikipoteza mpira ni yeye wa kukimbizana na mawinga. Kuna siku alichezeshwa hata beki wa kushoto. Kila tulipopigwa shambulizi la kushtukiza, kamera ilimkuta yeye akiwa hatua mbili nyuma, na sisi kibandani tukasema: huyo huyo tena! Hatukuuliza nani alimwacha pale peke yake.

Mikel Arteta alipopewa timu Desemba 2019, Xhaka alikuwa ameshafungasha mizigo, anakwenda Hertha Berlin. Kocha akamwomba abaki. Akabaki. Na msijidanganye kwamba mambo yalinyooka siku ile, maana zile kadi nilizowatajia zote zilikuja baada ya hapo. Yalichukua karibu miaka mitatu. Msimu wa 2022/23 ndipo mpangilio ukakaa sawa. Thomas Partey akashika chini, Zinchenko akawa anaingia katikati akitokea beki ya kushoto, na Xhaka akaruhusiwa kupanda upande wa kushoto mpaka ndani ya boksi la wapinzani. Mtu yule yule, na mwendo wake ule ule, akafunga mabao 7 ya ligi. Msimu uliotangulia alikuwa amefunga moja. Tarehe 28 Mei 2023, mechi yake ya mwisho, Arsenal waliwafunga Wolves 5-0 na mabao mawili ya kwanza yalikuwa ya Xhaka. Uwanja ule ule uliomzomea ukaimba kumwomba asiondoke. Nililia, wanangu. Nililia kwa sababu nilijua deni langu kwake sitaweza kulilipa, hanijui wala hatanijua.

Akaondoka. Akaenda Bayer Leverkusen, klabu ya tangu 1904 ambayo haikuwahi kuonja ubingwa wa Ujerumani, ilikuwa imeshika nafasi ya pili mara tano mpaka watu wakaipa jina la kuikebehi. Kocha Xabi Alonso akampa katikati ya uwanja aishike. Mechi 34 za ligi, wakashinda 28, wakatoka sare 6, hawakufungwa hata moja. Hakuna timu iliyowahi kufanya hivyo kwenye Bundesliga. Ubingwa waliukamilisha tarehe 14 Aprili 2024 kwa kuwafunga Werder Bremen 5-0, na bao la pili alilifunga yeye kwa shuti la mbali. Fainali ya Kombe la Ujerumani mwezi uliofuata, dhidi ya Kaiserslautern, bao lilikuwa moja tu, na ni lake, tena kwa mguu ule ule wa kushoto.

Kuna jingine la Uswisi nataka mlishike. Kwenye Euro iliyochezwa 2021, wachezaji wa Uswisi walimwita kinyozi wa kuwafuata kambini, Xhaka akatokea na nywele zilizopakwa rangi. Wakafungwa na Italia 3-0. Nchi nzima ikawaka: hawa hawana uchungu na jezi, wanajali nywele. Kocha wao, Vladimir Petković, alikaa akaandika barua ya wazi kwa wananchi, akiwaomba wasimame na timu. Kwa hiyo si mimi wa kwanza kuchukua karatasi kwa jambo la mpira. Wakawafunga Uturuki 3-1, wakavuka, wakakutana na Ufaransa, mabingwa wa dunia. Dakika ya 75 Ufaransa walikuwa mbele 3-1. Seferovic akafunga moja, na dakika ya 90 Xhaka akapitisha pasi katikati ya msitu wa miguu, ikamfikia Gavranovic, 3-3. Wakashinda kwa penalti. Tangu 1938 Uswisi hawakuwa wameshinda mechi ya mtoano kwenye mashindano makubwa. Nahodha siku hiyo alikuwa ni yule mwenye nywele. Leo hakuna Mswisi aliyeichezea timu ya taifa mechi nyingi kuliko yeye.

Nirudi kwenye Jumapili yetu. Nimesema niliona vizuri. Mpira ule kijana alipoupokea, mwenzake wa katikati alikuwa ameshapanda na hakurudi. Beki aliyempa pasi alimpa ya kumtupia mzigo, laini, huku mtu anakuja mgongoni. Nilitega sikio. Hakuna hata mmoja aliyemwambia "mtu!" Uwanja mzima, wachezaji kumi na benchi lote, hakuna sauti. Sauti zilipatikana baada ya bao. Na kijana mwenyewe si mkabaji, hilo mnalijua tangu akicheza chandimu pale nyuma ya shule. Ni mtu wa kupenyeza pasi. Alipangwa pale kwa sababu anayecheza nafasi hiyo alikuwa safarini, na alikubali bila kunung'unika.

Sikatazi mtu kukasirika timu ikifungwa. Mchezaji akicheza vibaya mwambieni, tena mwambieni usoni, mazoezini, mkimwonyesha alipotakiwa kusimama. Mimi mwenyewe nina mambo mawili ya kumwambia kuhusu namna anavyoupokea mpira bila kutazama nyuma. Lakini nitayasema vipi kwa mtu asiyekuja tena uwanjani?

Kesho Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, nakwenda nyumbani kwao. Mama yake nimeshazungumza naye. Kijana hajui kwamba nakuja. Jezi yake aliiacha Jumapili pale kwenye benchi, mmoja wenu aliikanyaga, nimeifua na ipo kwangu. Nahodha, wewe utafuatana nami, na yule kiungo aliyepanda asirudi naye aje. Na wewe uliyeandika lile neno la mama, sitakutaja hapa, unajijua. Ukitaka kwenda nasi, nitakuwa nimekaa chini ya mwembe kuanzia saa kumi. Nitakungoja mpaka saa kumi na nusu.

Mzee wenu wa upande wa mwembe