Waliotafsiri Frieren wamekifunika kimya chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo baadhi ya wenzangu wanaweza kuliona ni la watoto, lakini kwangu mimi, na kwa vijana wengi wa hapa Wete wanaokesha kutazama anime, yaani katuni za Kijapani, ni jambo la lugha yetu. Nakusudia mfululizo wa Kijapani uitwao Sousou no Frieren, uliotengenezwa na studio ya Madhouse chini ya uongozi wa Keiichirō Saitō na kuonyeshwa Japani katika sehemu 28, kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024, kutokana na hadithi iliyotungwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe. Nimeutazama mara mbili. Mara ya kwanza niliufuata kwa maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Mara ya pili, msimu huu wa karafuu, niliutazama pamoja na watu wa nyumbani kwa nakala yenye sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, niliyotiliwa kwenye flashi katika duka moja. Hiyo mara ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwa asiyeujua, mfululizo huu unaanzia pale ambapo hadithi nyingi za aina yake hukomea. Vita vimekwisha, Mfalme wa Mashetani ameshindwa, na wasafiri wanne wanarejea baada ya miaka 10 njiani: Himmel aliye shujaa, Heiter aliye kuhani, Eisen mpiganaji wa jamii ya mbilikimo, na Frieren, ambaye ni wa jamii ya viumbe wanaofanana na binadamu ila masikio yao ni marefu na umri wao haukadiriki. Jina la jamii hiyo kwa Kiingereza, “elf”, tukilitohoa kwa kanuni zetu, linakuwa “elfu”, na mimi nimeupenda utohozi huo, kwani Frieren mwenyewe amekwisha kuishi zaidi ya miaka 1,000. Safari ile kwake haifiki hata sehemu moja ya mia ya umri wake. Kwa hiyo anaagana na wenzake kama mtu anayetoka kwenda sokoni, anarudi baada ya miaka 50 ili watazame pamoja vimondo kama walivyoahidiana, na anamkuta Himmel ni mzee, kichwa kimebaki upara, kimo kimepungua. Muda si mrefu baadaye Himmel anafariki. Ni penye maziko yake ambapo Frieren anatambua kwamba hakumjua mtu yule, wala hakufanya jitihada ya kumjua, na machozi yanamtoka mbele ya watu.

Usiku tulipofika hapo tulikuwa barazani, watu saba, tunachambua karafuu zilizochumwa mchana, karafuu upande huu na makonyo, yaani vijiti vyake, upande huu, kompyuta ikiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Bibi yangu kwa kawaida hatazami. Husikiliza tu huku vidole vyake vikienda. Safari hii alisita, kichala mkononi, hakukikonyoa. Katika kipande kile wahusika wanasema maneno machache mno, na baina ya maneno hayo watengenezaji wameacha nafasi kwa makusudi ili mtazamaji aione huzuni inavyomfikia mtu aliyechelewa kuielewa. Katika nakala yetu mtafsiri hakunyamaza hata kidogo. Mara alitueleza kuwa bibie analia, jambo ambalo kila mwenye macho alikuwa akiliona. Mara aliwasalimu jamaa zake wa mtaani. Mara alituahidi kuwa mapigano yanakuja, tusiondoke. Bibi akauliza, “Huyu hajapata kufiwa?” Hakuna aliyemjibu.

Kasoro ya pili ni ya hesabu ya miaka. Mfululizo huu unahesabu wakati kuanzia kifo cha Himmel, nao huandika kwenye kioo kwamba sasa ni miaka kadhaa tangu shujaa afariki, mfano wa wazee wetu wanaposema fulani alizaliwa kabla ya Mapinduzi au baada yake. Maandishi hayo ni ya Kijapani, na mtafsiri wetu hakuyasoma hata mara moja. Matokeo yake, mpwa wangu wa miaka 11 alimwona Heiter amekongoka ghafla, ana mtoto yatima aitwaye Fern pembeni yake, akataka kujua kaugua lini na mtoto kamtoa wapi. Ilinibidi nisimamishe picha na kumweleza kwamba miaka 20 imepita katika muda ambao sisi tulikonyoa vichala viwili vitatu. Mtazamaji asiyeambiwa hivyo hana namna ya kuelewa hadithi, kwa sababu hadithi yote ni hiyo: kwamba muda ambao kwa mmoja ni usingizi wa mchana kwa mwingine ni umri mzima. Bibi alipofahamishwa alisema kwamba Frieren basi ni kama ule mkarafuu wa mpakani mwa shamba letu, ambao umewaona wachumaji wake wote wakizikwa, mmoja baada ya mmoja, nao bado unazaa. Sijasoma uchambuzi wa Frieren, kwa lugha yoyote ninayoijua, ulionigusa kuliko sentensi hiyo.

Liko pia suala la neno “mchawi”, ambalo mtafsiri alimwita nalo Frieren tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa kwetu Pemba neno hilo si la kutupwa ovyo. Shangazi yangu alilisikia mara ya kwanza akainuka, akaenda zake ndani, na hakurudi tena usiku ule. Wala simlaumu, kwa kuwa mchawi kwa Kiswahili ni mtu anayedhuru watu. Frieren huyu anazunguka dunia akikusanya elimu za ajabu ambazo nyingi ni ndogo ndogo: ya kuotesha konde zima la maua, ya kusafisha sanamu ya shaba, ya kuzifanya zabibu tamu ziwe chachu. Kuna sehemu moja ambamo anatafuta miezi na miezi ua la buluu lililoota katika nchi aliyozaliwa Himmel, ili tu alipande kando ya sanamu yake. Kiswahili cha zamani kina neno “mizungu” kwa maarifa ya ajabu ya namna hiyo, na mtu akimwita Frieren “mjuzi wa mizungu” hatakuwa amemkimbiza shangazi wa mtu yeyote.

Na kuhusu heshima, hapa Kiswahili kingeweza hata kukishinda Kiingereza. Fern, anayelelewa na Heiter kisha akawa mwanafunzi wa Frieren, humwamsha mwalimu wake asubuhi na humgombeza kwa uvivu wake kama mama, lakini hata anapomgombeza humtaja kwa kiambishi cha Kijapani “sama”, ambacho ni cha adabu. Kiingereza hupata taabu kukihamisha. Sisi tunacho tayari: “Bi Frieren, amka, jua limekwisha kutoka.” Mtafsiri wetu alisema, “We Frieren, amka!” Mtoto aliyelelewa hawezi kusema hivyo, na Fern amelelewa.

Siwadharau watafsiri hawa. Kama si wao, Bibi asingepata kuijua hadithi hii kabisa, kwani hasomi maandishi ya chini na mikono yake ina kazi. Ndiyo maana siombi maandishi peke yake, bali sauti, kila mhusika na sauti yake. Jambo hilo linawezekana: mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, na watu waliifuata. Zanzibar ina waigizaji wa michezo ya redio wanaojua kupumua na kunyamaza mbele ya maikrofoni, na ina BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, la kuulizwa juu ya maneno mazito kama hilo nililolitaja. Ombi langu kwa vituo vyetu vya televisheni ni kwamba wawaendee wenye haki huko Japani na waifanye kazi hiyo kwa idhini, kwa kuwa najua vyema kwamba nakala ya flashi haina idhini ya mtu.

Na kwa wanaotafsiri hivi sasa, ambao bila shaka wameanza kuushughulikia msimu wa pili ulioanza kuonyeshwa Japani Januari 2026, nawaomba mambo machache tu: wasome miaka inapoandikwa, wampe mwalimu heshima yake, na pale ambapo wahusika wamenyamaza, nao wanyamaze. Frieren bado yuko njiani kuelekea kaskazini, mahali ambapo inasemekana roho za waliokufa hupumzika, akazungumze na Himmel yale asiyomwambia alipokuwa hai. Bibi amekwisha kuniuliza mara mbili kama amefika. Nimemwambia bado.

Wako katika kupenda lugha,
Msomaji,
Wete, Pemba.