Saratani ya ngozi hujificha hata kwenye nyayo

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge dhana iliyoenea kwamba saratani ya ngozi ni ugonjwa wa watu weupe peke yao. Ni kweli kwamba weusi wa ngozi hukinga kwa kiasi dhidi ya jua, lakini melanoma, mojawapo ya aina zilizo hatari zaidi, huwapata watu weusi hasa kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo wengi wetu hatujichunguzi. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36, aliugua melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

Doa lenye kingo zisizo sawa, lenye rangi mchanganyiko au linalozidi milimita 6, na hasa linaloendelea kubadilika, lionyeshwe kwa daktari. Vivyo hivyo kidonda kisichopona, hususani kilichotokea juu ya kovu la zamani la moto. Daktari hukata kipande kidogo kikapimwe maabara, na ugonjwa ukigunduliwa mapema, mara nyingi upasuaji pekee hutosha. Wanaonisikitisha ni wale wanaopaka dawa za fangasi kwa miezi mingi hadi saratani inafika kwenye tezi za limfu, zile zinazosaidia mwili kupambana na maradhi, ambapo matibabu huwa magumu zaidi.

Msomaji wako